Asilimia 55 ya nini?

MZAZI: Kijana wangu amepata asilimia 55 kwenye Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Wenzake walimmwagia poda hapa Uvira, tangu Kimanga hadi Mulongwe, nami nikapika, majirani wakala wakashiba. Furaha imepita, sasa nauliza: ni 55 ya nini? Nikimpa karatasi ya dawa iliyoandikwa Kifaransa, anaigeuzageuza tu. Nikimpa hesabu ya ndagala niliyokopesha Kalundu, anaimaliza kabla sijaketi. Diploma inasema amehitimu kemia na biolojia. Inasema kweli?

MKAGUZI: Hongera sana, mama. Kijana wako aliandika insha ya Kifaransa kwanza, halafu akakaa siku nne kwenye maswali ya kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio yake, yaani mchepuo wake. Majibu yakasomwa na mashine. Huu ni mtihani wa Serikali, na umekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliyeufanya Uvira na aliyeufanya Kinshasa wamepimwa kwa kanuni moja. Mashine haikujua kama ni Mvira, Mfuliiru, Mubembe au Munyamulenge. Kwenye mwambao huu watu wamekufa kwa ajili ya jina la kabila tu, kwa hiyo kupimwa na kitu kisichokujua jina si jambo dogo.

MWALIMU: Si dogo, Inspekta, wala silidharau. Ila mama hakuuliza kama mashine ina upendeleo. Ameuliza inapima kitu gani. Nikupe mfano wa darasani kwangu. Kwenye mtihani wa mazoezi niliweka swali la kipindupindu kwa mtindo uleule wa itemu za Serikali: sentensi tano za Kifaransa, na mwanafunzi achague ile isiyo ya kweli. Binti mmoja akaweka alama kwenye sentensi ya kwanza, iliyosema kwamba bakteria wa ugonjwa huo huenea kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Sentensi hiyo ni kweli tupu, kwa hiyo akapata sifuri. Nikamwita pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili. Akanieleza kwa nini maji ya mtoni hutiwa klorini kabla ya kunywewa, kwa nini mgonjwa huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, na namna ya kumchanganyia maji, chumvi na sukari wakati anasubiri kufikishwa hospitalini. Uvira kipindupindu hakitutoki, na huyu amemuuguza mdogo wake. Sasa ile sifuri ilipima nini?

MKAGUZI: Ilipima kama anasoma swali hadi mwisho. Nesi asiyesoma maelekezo hadi mwisho anaua mtu. Na maelekezo hayo katika nchi yetu yameandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya Kongo ya 2006 imeweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikawa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Mimi sikuandika katiba, Mwalimu. Nasimamia mtihani unaoifuata.

MTAFITI: Naomba niingie hapo. Mnabishana kana kwamba karatasi ya mtihani ina uhalali ndani yake, au haina. Elimu ya upimaji imeachana na namna hiyo ya kusema kwa muda mrefu sasa. Lee Cronbach na Paul Meehl walipoandika mwaka 1955 kuhusu vipimo vya saikolojia, walionyesha kwamba kinachotakiwa kuthibitishwa ni tafsiri ya alama. Samuel Messick akalipanua jambo hilo mwaka 1989: uhalali ni uzito wa ushahidi na hoja zinazobeba lile tunalolisema kutokana na alama, na lile tunalolitenda kwa alama hiyo. Vyama vitatu vya wataalamu wa Marekani vinavyoandika viwango vya upimaji vimelishika wazo hilo katika toleo la 1999 na la 2014. Sasa turudi kwa binti wa Mwalimu. Mkisema, "Bado hawezi kufuata swali la sayansi lililoandikwa kwa Kifaransa kigumu," sifuri yake inawaunga mkono. Mkisema, "Hajui kipindupindu," mmesema uongo. Sifuri ni moja, madai ni mawili, na kila dai linadai ushahidi wake.

MKAGUZI: Basi nimeshinda mimi. Diploma haisemi kwamba mtu anajua kipindupindu. Inasema amemaliza humanite, yaani sekondari, na anaweza kwenda chuo kikuu. Chuo kikuu chetu kinafundisha kwa Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa ni sehemu halali ya kinachopimwa.

MWALIMU: Ungeshinda kama diploma ingesomwa na chuo kikuu peke yake. Mwenye duka la dawa anaisoma. Shirika linalotafuta vijana wa kuhamasisha usafi wa maji huko Sange linaisoma. Mkuu wa shule anayetafuta mwalimu wa primari anaisoma. Mtazame hasa huyu wa mwisho, maana nikimfikiria silali. Kijana wa opsio ya pedagojia anapimwa kwa itemu za Kifaransa, kisha anapelekwa kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa kuwa njia ya kufundishia, na kwenye madarasa ya chini ndizo zinazotumika. Kazi yake itakuwa kumweleza mtoto wa miaka sita kujumlisha na kutoa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tunayo alama moja inayotuambia kama anaiweza kazi hiyo?

MZAZI: Ngojeni kidogo. Naona mnanisemea. Mimi sitaki mtihani wa Kiswahili. Mtoto wa mkubwa wa Kinshasa atafanya wa Kifaransa na ofisi zitamfungukia. Wangu atapewa wa Kiswahili, halafu ataambiwa abaki hapahapa avute nyavu. Nimejinyima nguo, nimejinyima dawa, nikamlipia shule ili asiwe mtu wa kusomewa barua na wengine. Mkikiondoa Kifaransa kwenye mtihani, nyinyi walimu mtaacha kukifundisha hata hicho kidogo mnachofundisha. Ninyi mmekipata Kifaransa, mnakaa nacho, na sasa mnanieleza kwamba mtoto wangu hakihitaji.

(Neno moja la mwandishi: wapo wasomi wengi wanaopigania lugha zetu shuleni, nami ni mmoja wao, lakini hoja ya mama huyu huwa tunaipita mbio. Nimeiacha jinsi alivyoisema.)

MWALIMU: Sijasema hakihitaji, mama. Nasema apimwe Kifaransa mahali pa Kifaransa, na biolojia mahali pa biolojia. Sasa hivi anapimwa Kifaransa siku zote nne.

MKAGUZI: Na akishindwa, mnaulaumu mtihani. Kipimajoto hakileti homa. Ikiwa mtoto hajui lugha ya shule, ulizeni darasa lenye watoto mia wanaogombea dawati. Ulizeni mto Mulongwe uliofurika Aprili 2020 ukabeba nyumba na watu. Ulizeni vita. Mtihani unatoa habari tu. Mkiuvunja, homa itabaki palepale, na hamtakuwa na cha kuionyesha.

MTAFITI: Wapo wataalamu wakubwa walio karibu nawe, Inspekta. Mwaka 2004 Denny Borsboom wa Uholanzi na wenzake wawili waliandika kwamba mambo ya matokeo na matumizi yamelifanya wazo la uhalali kuwa zito kupita kiasi. Kwao kipimo ni halali kwa masharti mawili: kile kinachopimwa kiwepo kweli, na tofauti zake ndizo zisababishe tofauti za alama. Ila sharti hilo la pili linakubana zaidi kuliko Messick. Inabidi uonyeshe kwamba waliopata 40 na waliopata 70 katika biolojia wametofautishwa na biolojia yenyewe. Binti wa kipindupindu hakutofautishwa na biolojia.

Na kipimajoto chako kimekwisha kujaribiwa katika nchi hii. Miaka ya 1950 André Ombredane na wenzake walikwenda Kasai kwa Asalampasu wakiwa na kipimo cha maumbo cha Raven. Kile kisicho na maneno, ambacho wengi walikiamini kuwa hakina lugha wala kabila. Waliwarudishia watu walewale kipimo kilekile. Alama zikapanda, na uhusiano wa alama hizo na vigezo vya nje ya kipimo ukaongezeka. Maana yake ni kwamba mara ya kwanza sehemu ya alama ilikuwa ugeni tu: ugeni wa karatasi, wa picha zenye pengo, wa kukaa mbele ya mgeni anayekutazama. Walipozoea mchezo ndipo kipimo kikaanza kusema juu yao. Kabla ya hapo kilikuwa kinasema juu ya ugeni wao, na kwa kipimo cha namna hiyo ukoloni uliamua nani ana akili na nani hana.

MKAGUZI: Watoto wetu si wageni wa karatasi. Wamekaa shuleni miaka kumi na miwili.

MTAFITI: Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kuyahamisha ya Kasai moja kwa moja hadi Uvira. Lakini mtu anaweza kuishi na kitu bila kukizoea sawasawa na mwenzake. Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, akachapisha mwaka 1979. Aliwapa kazi moja: kunakili umbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Lusaka walishinda, maana wamekua wakitengeneza vigari vya waya. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Kalamu ile wote walikuwa wanaijua, lakini hawakuwa wameizoea sawa. Angepima kwa kalamu peke yake angeandika kwamba watoto wa Lusaka hawaoni maumbo vizuri, na kitabu kingechapwa, na walimu wangekinukuu.

MKAGUZI: Kwa hiyo Serikali ilete waya kwenye Exetat?

MTAFITI: Hapana. Isome alama za kalamu kuwa alama za kalamu.

MKAGUZI: Nami nikupe mfano wa kwako mwenyewe. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Mkenya Frederick Okatcha, walichapisha utafiti juu ya watoto wa Usenge, kule ziwa Victoria. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba za kwao, na wakawapima mambo ya shule. Waliojua dawa zaidi walielekea kuwa chini katika ya shule. Watu wanautaja utafiti huo kulaumu mitihani. Mimi naona unanitetea. Ujuzi wa nyumbani ni kitu kimoja na ujuzi wa shule ni kingine, na diploma ni ya shule. Anayetaka kupimwa jinsi ya kusoma mwezi kabla ya kutoa mitumbwi ya taa, akapimwe na wavuvi.

MTAFITI: Umeusoma vizuri, na sina cha kukupinga katika nusu yake. Nusu ya pili ni hii: alama za chini za watoto wa Usenge hazikumpa mtu yeyote haki ya kusema hawana akili. Na hapa Uvira, aliyepata 48 anaitwaje mtaani?

MZAZI: Anaitwa aliyeanguka. Na mchumba wake anasikia.

MWALIMU: Na vita je? Desemba 2025 vilipoingia mjini, wanafunzi wangu walivuka kwenda Burundi na mama zao, wengine na wadogo zao mgongoni. Madaftari yalibaki. Aliyerudi akifanya mtihani akapata 50, na aliyekaa mahali pa amani akapata 50, ni hamsini moja?

MKAGUZI: Unataka niwaongezee alama za vita? Nianze na nani, Uvira? Na Masisi je? Na Beni, na Djugu? Nikimwongezea wako tano, kesho kila jimbo litaleta makaburi yake kudai tano. Mtihani ukianza kuhurumia, Mwalimu, wa kwanza kuhurumiwa atakuwa mtoto wa mwenye cheo.

MTAFITI: Asiongezewe. Lakini anayeisoma hamsini hiyo aisome kwa macho mawili. Kama inatumiwa kutabiri nani ataweza chuo kikuu, yule aliyeipata baada ya miezi ya kukimbia huenda ana nguvu ambayo namba haikuionyesha, au huenda ana mapengo yatakayomwangusha mwaka wa kwanza. Lipi ni kweli hatulijui kwa kulitazama. Linajulikana kwa kuwafuata wahitimu: waliopata 50, 60, 70, miaka miwili baadaye wako wapi? Huo ni ushahidi wa kawaida kabisa kwa mtihani wowote unaofungua mlango wa chuo. Inspekta, umewahi kuletewa jedwali la namna hiyo?

MKAGUZI: Sijaletewa.

MZAZI: Mimi nina jedwali langu. Mtaani tunajua nani alipata majibu kwa simu, na baba yake alitoa kiasi gani. Huyo naye ana diploma yenye namba. Mnataja vitabu vya Marekani, na mbele yenu kuna namba iliyonunuliwa.

MKAGUZI: Huo ni wizi, mama, na wizi una polisi wake. Usiuchanganye na uhalali wa mtihani.

MTAFITI: Hauchanganyi. Majibu yakipita kwenye simu, alama inaanza kupima simu na mfuko wa mzazi. Mashine itasoma karatasi hiyo kwa uthabiti uleule, leo na kesho, bila kukosea hata itemu moja. Mnaisifu kwa sababu haikosei kuhesabu. Kuhesabu bila kosa na kupima kinachodaiwa ni kazi mbili, na ya pili mashine haiwezi kuifanya.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema alama za darasani zipewe uzito mkubwa zaidi. Mimi namjua mwanafunzi kwa mwaka mzima, nimemwona akipima, akichora, akikosea na kujisahihisha.

MZAZI: Mwalimu, usiniudhi. Alama za darasani nazo zinauzwa. Asiyemaliza kulipa ada bulletin yake inashikwa. Msichana anayemkataa mwalimu, alama zinashuka. Ndiyo sababu sisi wazazi tuliikubali mashine ya Kinshasa, pamoja na ubaya wake. Haimtazami binti yangu usoni.

MWALIMU: Yapo hayo. Siwezi kuyakana mbele yako. Lakini angalieni mtihani huu unatufanya nini darasani. Mwaka wa mwisho wa humanite hatugusi chupa wala darubini, hata pale zilipo. Tunafanya itemu za miaka iliyopita, asubuhi na mchana, mpaka mtoto anajifunza kukisia kwa kuliangalia umbo la jibu. Alama zinapanda, kemia haipandi. Inspekta atasema kipimajoto hakileti homa. Hiki kimebadilisha chakula cha mgonjwa.

MTAFITI: Tuache kukisia, basi. Itemu za zamani za sayansi zipo. Tuchukue madarasa kadhaa hapa na kwenye bonde la Ruzizi, nusu wafanye kwa Kifaransa, nusu kwa Kiswahili, kisha tubadilishe, tukalinganishe itemu moja moja. Zanzibar watafiti walifanya jambo linalofanana na hilo: waliwapa wanafunzi wa sekondari maswali kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili wengi walionyesha ujuzi ambao Kiingereza kilikuwa kimeuficha.

MKAGUZI: Zanzibar, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya kuanzia shule. Hapa kuna mtoto wa Kivira, wa Kifuliiru, wa Kibembe, wa Kirundi. Kiswahili chake ni cha sokoni. Na istilahi za kemia amezisoma kwa Kifaransa miaka yote. Mkimletea kemia ya Dar es Salaam mtamfelisha mara ya pili, halafu mtasema Kiswahili hakifai. Tafsiri nayo ni kipimo kipya, bwana Mtafiti. Nayo inadai ushahidi wake.

MTAFITI: Inadai, na umenifunga. Jaribio hilo linaweza kutuonyesha ugumu wa tafsiri, tukadhani ni ugumu wa somo.

MWALIMU: Basi tusitafsiri. Kiacheni Kifaransa, kama mama anavyotaka, lakini kiwe Kifaransa kinachoelekea kwenye jambo. Swali likiwa la kipindupindu, liulize kipindupindu: sentensi fupi, jambo moja, jibu la kweli ndilo litafutwe. Ugumu wa lugha uwekwe siku ya lugha, na huko muwe wakali mpendavyo.

MKAGUZI: Hilo naweza kulipeleka mbele. Waandishi wa itemu wanaweza kulifanya bila sheria mpya.

MTAFITI: Na la pili ni jepesi kuliko hilo. Matokeo yatolewe kwa mafungu: sayansi ngapi, lugha ngapi, opsio ngapi, utamaduni wa jumla ngapi. Mama ameuliza 55 ya nini. Ana haki ya kujibiwa kwa namba nne.

MKAGUZI: Hapo nakataa. Namba hizo zikitoka hazitasomwa na mama peke yake. Mwajiri ataona Kifaransa 35 na hatafika kwenye biolojia 70. Leo 55 inamfunika mtoto. Mkiifunua mtamwacha uchi mbele ya kila ofisi ya mji huu.

MZAZI: Basi isiandikwe kwenye diploma. Niletewe mimi kwenye bahasha, nijue nimlipie kozi gani.

MWALIMU: Na mimi ninayemfundisha?

MKAGUZI: Wewe ndiye ninayekuhofia zaidi. Mwakani utafundisha kwa ajili ya namba hizo.

MWALIMU: Nafundisha kwa ajili ya namba sasa hivi, Inspekta, tena moja tu, isiyoniambia lolote. Nipe zile nne, nijue kama wanafunzi wangu wanashindwa biolojia au wanashindwa kusoma swali la biolojia. Ukiogopa kunipa, niambie basi ni kwa dawa gani nimtibu yule binti.